Kuwatisha watoto na kansa ili waache mkorogo, inasaidia kweli?

Binti wa kaka yangu yuko form three na anapaka mkorogo, zile krimu za kujichubua, juzi karudi shule ananiambia shangazi leo mwalimu katuonyesha picha za kansa ya ngozi akasema anayejichubua atakufa hivi hivi. Nikamuuliza ukaogopa? Akasema mwanzo niliogopa, ila mama wa duka la pale kona anapaka tangu mi niko chekechea na yuko fiti tu.

Jibu hilo limenikaa kichwani, maana saluni kwetu hapa Sinza ubishi ni huo huo kila wikiendi. Kuna wanaosema watoto watishwe mpaka walale na taa, na kuna wanaosema mwacheni mtu na ngozi yake, mbona wazungu wanajianika Coco Beach na Zanzibar wawe weusi na hakuna anayewasema.

Nianze na hilo la wazungu. Wanasemwa, tena sana. Wana vitanda vya taa za kuunguza ngozi ibadilike rangi, na mwaka 2009 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, IARC, liliviweka kundi moja na sigara, la vitu vinavyosababisha kansa. Brazil wakavipiga marufuku mwaka huo huo, na England tangu 2011 aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kulalia. Ko wenzetu wanapambana na watoto wao wanaotaka kuwa weusi na sisi tunapambana na wetu wanaotaka kuwa weupe, na mionzi inayowaunguza ni ya aina ile ile.

Wanaotisha wana hoja ya kweli. Weusi wetu ndo mwavuli wenyewe, melanini, ile rangi ya ngozi, inazuia mionzi isifike ndani, sasa mkorogo kazi yake ni kuzuia hiyo melanini isitengenezwe, afu mtoto anatoka saa saba mchana kugombania daladala Mbagala na jua lile mnalolijua. Tukitaka kuona ngozi isiyo na mwavuli inapata shida gani tuwaulize ndugu zetu wenye ualbino, jua linawaletea kansa wakiwa bado vijana, mpaka kule hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza mafuta yao maalum ya kuzuia jua, yanaitwa Kilisun. Na Dakar, Senegal, madaktari wa ngozi wameripoti wanawake waliopata kansa ya ngozi baada ya kujichubua miaka mingi.

Ila soma tena hapo, MIAKA MINGI. Binti wa miaka 15 haoni miaka mingi, anaona sendoff ya mwezi ujao. Na kwa mtu mweusi kansa ya ngozi ni nadra (haimaanishi haipo, Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu na akafa 1981 ana miaka 36). Ukimwambia atakufa na kansa afu kila siku anamuona mama wa duka anacheka, umeshapoteza, hata ukimwambia la kweli hatakuamini tena. Kwa hiyo mi kwenye hili siko na mwalimu, japo najua kasema kwa uchungu.

Mi nilimshika mkono tu. Nikamwambia angalia vifundo vya vidole, uso umeng'aa ila vifundo vimebaki vyeusi tii, mkorogo hauvipati. Angalia hapa shavuni, mishipa midogo myekundu imeanza kuonekana na chunusi hazikauki, hiyo ni steroidi, dawa ya hospitali inayochanganywa kwenye mkorogo, inakondesha ngozi mpaka ukija kukatwa kidonda kinachelewa kupona. Na zebaki ikiwemo inapita kwenye ngozi inaenda kwenye figo. Hayo hayasubiri uzeeke. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia vidole vyake.

Na wale wa mwacheni na ngozi yake, nawaelewa kwa mtu mzima aliyeamua. Ila huyu hajaamua kitu, ametaniwa darasani tangu la tano anaitwa mkaa, na shangazi mtu ndo mimi niliyekuwa namsifia mdogo wake kwa weupe mbele yake. Hilo limeniuma kuliko yote. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua) zimekatazwa nchini miaka na miaka lakini Kariakoo unapimiwa kwenye kopo tupu, na zitaendelea kununuliwa kama nyumbani tunaongea hivyo.

Usiku akaniuliza, shangazi nikiacha rangi yangu itarudi? Nikamwambia usiache ghafla, steroidi ukiikata siku moja uso unawaka na kuwasha vibaya, daktari akupangie namna ya kupunguza. Jumamosi tunaenda kliniki ya ngozi. Kopo nimeshaliweka kwenye mfuko wa rambo, halina hata lebo, daktari aanzie hapo.