Jirani wa kisiwani hafukuzwi kwa wavu

Kila nikikaa na vijana wanaocheza Animal Crossing: New Horizons hapa Moshi, swali ni lilelile: namtoaje huyu jirani nisiyemtaka? Na kabla hujafungua mdomo wameshakutajia mbinu walizosikia. Mtandike na wavu wa kukamatia wadudu. Mzungushie uzio asitoke kwake. Mchimbie mashimo mlangoni. Msusie, usimpe hata salamu. Mimi nasema mbinu hizo hazimhamishi mtu, na hata zingekuwa zinamhamisha nisingezigusa. Waliotengeneza gemu hii walifanya jambo la maana sana kutunyima rungu la kumfukuza jirani.

Kwa asiyeijua, ilitoka Machi 2020 kwa ajili ya Nintendo Switch, mashine ya kuchezea gemu. Unahamia kisiwani, unapanda maua, unavua samaki, unajenga, na wanyama wanaoongea wanakuja kuishi nawe mmoja mmoja hadi wafike 10. Gemu nzima ina wahusika wa namna hiyo zaidi ya 400, na ukiacha kiwanja wazi inakuletea yeyote. Kwa hiyo yupo tu utakayemwona na roho ikakataa.

Mpwa wangu wa darasa la sita, tunaishi naye Pasua, alikuwa na kiboko wake wa namna hiyo. Akanikalisha nione anavyomshughulikia. Alimsubiri karibu na mto, akamshushia wavu kichwani. Kiboko akageuka, kapigwa na butwaa. Akamshushia tena, na tena, mpaka mnyama akafura kwa hasira na kumlalamikia wazi. Kesho yake tukafungua, kiboko huyo hapo, anamwagilia maua.

"Shangazi, mbona hahami?"

Nikamwambia hatahama kwa hilo hata umpige mpaka Krismasi. Kipigo kinaharibu urafiki wenu basi, na urafiki ndio unaokuletea zawadi, mpaka siku moja anakupa picha yake ya kuweka ukutani.

Njia nyingine ambayo watu huikimbilia ni kwenda kushtaki kwa Isabelle, yule karani anayekaa kwenye ofisi ya huduma za wakazi. Unamwambia fulani ananikera, anakusikiliza kwa adabu, anaahidi kuzungumza naye. Wengi wanatoka pale wakiamini jirani atafungasha. Kinachobadilika ni mavazi yake au maneno aliyozoea kusema, vinarudi vilivyokuwa mwanzo. Nyumba yake iko palepale. Wapo wanaosema ofisi hiyo haina kazi. Mimi naiona ni sawasawa kabisa na balozi wetu wa nyumba kumi, utaratibu tuliourithi tangu enzi za TANU, na nadhani inafanya kile ambacho balozi anapaswa kufanya.

Katika nyumba tuliyopanga kuna jirani ambaye ni mgumu, kazi yake kubeba mizigo ya watalii mlimani. Akishuka Kilimanjaro anakuja na matope ya msituni kwenye buti, na alikuwa anaziosha hapohapo kwenye bomba tunalochotea maji sote. Sinki likawa linaziba kila wiki. Wapangaji wawili walitaka atolewe kabisa. Lakini alikuwa amelipa kodi ya miezi sita, na matope si kosa la kumtoa mtu kwenye chumba chake. Balozi akaitwa, akamsikiliza, akamwonyesha mfereji wa nyuma. Tangu siku ile buti zinaoshwa kule. Yule mgumu bado tunaye, na bomba linatiririka. Kilichohitaji kuhama ni buti.

Ndiyo maana nauliza kila anayenijia na malalamiko ya kisiwani: amekufanya nini? Mara nyingi jibu ni sura. Ana macho ya ajabu, rangi yake mbaya, haendani na mapambo niliyopanga. Ugonjwa huu tuliuona mwaka ule ule wa 2020 kwa Raymond, paka mwenye macho ya rangi mbili tofauti. Watu walitoa tiketi za safari za ndani ya gemu kwa mamia ili wampate, na wengine walimuuza mtandaoni kwa pesa halisi. Ili paka mmoja aingie, mwenzake lazima atoke, na aliyetolewa alikuwa hajamkosea mtu. Inaniuma hasa nikiwaona watoto wakijifunza kupanga majirani kwa sura, tena katika gemu iliyobuniwa na mtu aliyekuwa anatamani majirani. Katsuya Eguchi alihama kutoka Chiba kwenda Kyoto kufanya kazi Nintendo, akawaacha ndugu na marafiki, na upweke ule ndio uliomfikisha kwenye wazo hili. Toleo la kwanza lilitoka Japani mwaka 2001.

Sisemi mtu akae na wale wale 10 milele. Kuna sababu ya haki. Wahusika wana tabia za aina nane, na kila aina ina ishara za mwili inazokufundisha na maelekezo yake ya kutengeneza vitu. Ukiwa na wavivu watatu na huna hata mmoja wa zile tabia za dada mkubwa, unakosa vitu. Hapo ngoja. Siku moja utamwona mmoja wao anatembea na wingu la mawazo juu ya kichwa. Mfuate, msikilize. Akisema anafikiria kuondoka, ni wewe wa kumwambia nenda au baki, na akikwambia mtu usiyetaka aondoke, mkatalie, siku nyingine atakuja mwingine. Ukikubali, kesho yake nyumba yake imejaa maboksi, na keshokutwa kiwanja kiko wazi. Siku hiyo ya maboksi mwenzako anaweza kuja kisiwani kwako akamkaribisha kwake, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu anaondoka akijua anakokwenda.

Mgeni anayepiga hema kwenye kambi ya kisiwani naye anaweza kuomba nafasi ya mtu, ila anayemtaja ni gemu, huchagui wewe. Una haki ya kukataa tu. Kadi za amiibo, zile za wahusika zinazouzwa kando na gemu, peke yake ndizo zinakupa uamuzi wa nani atoke: unamwalika mwenye kadi kambini siku tatu, unamtengenezea anachoomba kila siku, halafu akikubali kuhamia unamtaja wa kumpisha. Najua kadi hizo zipo na sitamzuia aliyenunua. Ila naona afadhali hata hapo gemu imeweka siku tatu za kufikiri.

Na tukumbuke tulikotoka. Katika New Leaf, toleo la mwaka 2012, jirani uliyempenda aliweza kuhama bila ridhaa yako, ukiacha kucheza kwa muda ukarudi, unakuta hayupo. New Horizons imelirekebisha hilo: ukiacha mgeni wa kambini na kadi za amiibo, haondoki mtu mpaka yeye atake na wewe uridhie. Pande mbili. Kila mara nasikia wachezaji wakidai toleo lijalo liwekewe kitufe cha kufukuza, ubonyeze na mtu apotee. Nakipinga kitufe hicho. Anayetaka kuwahamisha majirani kwa kubonyeza, gemu nyingine, The Sims 4, inamruhusu kuitoa familia nzima nyumbani kwake bila kuiuliza, aende akacheze huko.