Girik si hatimiliki

Kuna makala kuhusu kununua ardhi inayoiita girik ya kijijini Java, Indonesia, "hati ya ardhi". Hapana, ni karatasi ya kodi tu. Hatimiliki ni sertifikat, yaani cheti cha ardhi, na kwa Sheria ya Ardhi ya 1960 mgeni hawezi kumiliki kwa hak milik, yaani umiliki kamili. Mnunuzi aanzie ofisi ya kijiji, alinganishe namba ya girik na daftari la ardhi la kijiji liitwalo Letter C, kisha vigingi vya mpaka vipigwe majirani wakiwepo. Hapo ndipo mambo huharibika: urithi uligawanywa kwa mdomo, daftarini bado kuna jina la babu marehemu, na mrithi mmoja aliyeko Jakarta hajasaini. Mauzo yafanyike mbele ya PPAT, ofisa wa hati za ardhi. Risiti yenye stempu haibadilishi jina la mmiliki. Na shamba la bengkok, ambalo ni ujira wa mkuu wa kijiji, msiliguse kabisa.