Santuri za Marehemu Baba Zinauzwa, Ila Msichague

Ninauza santuri, zile sahani za muziki za gramafoni. Kila ninapolitamka jambo hili, jibu ninalopewa ni lile lile: "Mzee, hizo ni mali!" Moshi nzima, kuanzia Majengo hadi Shanty Town, imekwisha kukubaliana kwamba nina mali, na kilichokosekana ni mtu mmoja tu wa kuilipia.

Marehemu baba aliacha santuri zinazokaribia 1,200 katika chumba ambacho mama watoto amekwisha kukitafutia mpangaji. Theluthi yake ni zile kubwa za mizunguko 33 kwa dakika, nyingi ya zilizosalia ni ndogo za mizunguko 45, na chini kabisa ziko chache za kale za mizunguko 78, ambazo ukiiangusha moja huna haja ya kuinama kuiokota bali kuagiza ufagio. Wanaosema ni mali hawajawahi kuzibeba. Santuri kubwa moja pamoja na jalada lake hukaribia robo kilo, kwa hiyo 400 ni kilo 100, na haziruhusiwi kulazwa moja juu ya nyingine kwa kuwa hupinda. Kijana wa mkokoteni niliyemwita kutoka Mbuyuni alitaja bei moja akiwa mlangoni, akainua sanduku la kwanza, akataja bei nyingine, na ile ya awali hakuirudia tena.

Wateja wapo, tusidanganyane. Kinachoniumiza ni kwamba kila anayekuja anataka kuchagua, kama anunuaye nyanya sokoni, huku akiminya hii na kuigeuza ile, kisha anachukua tatu zilizo bora na kuniachia fungu lote. Mimi ninauza kwa jumla. Nimelisema hilo kwa simu, nimeliandika kwa ujumbe, na bado mtu atafika, ataniamkia vizuri, atakunywa chai yangu, halafu ataniuliza, "Mbaraka Mwinshehe yuko wapi?" Wote wanamtaka mwanamuziki huyo Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Morogoro Jazz, wanamtaka Franco wa Kongo, wanawataka bendi ya Simba Wanyika. Bwana mmoja alitoka Arusha kwa ajili ya hao Simba Wanyika, akaniketisha na kunihutubia kwamba ndugu wa Kinyonga, waanzilishi wa bendi hiyo, walipiga muziki Arusha kabla ya kuhamia Kenya mwaka 1971, kwa ukali wa mtu anayedhani mimi ndiye niliyewafukuza. Hakuna anayemuulizia Jim Reeves, yule mwimbaji wa Kimarekani. Ninaye Jim Reeves wa kutosha kuezeka banda la ng'ombe. Alifariki katika ajali ya ndege huko Marekani mwaka 1964, lakini katika sebule za Kilimanjaro hakuna aliyethubutu kumpa taarifa hiyo.

Sasa fikiria hali yangu. Santuri wanazozitaka ndizo zilizochakaa, na zilizochakaa zina sababu, kwa kuwa ndizo zilizopigwa kwenye kipaimara, kwenye harusi na kwenye sikukuu za Krismasi mpaka sindano ikachoka. Juu ya mkono wa gramafoni ya baba bado imebandikwa kwa utepe sarafu ya senti 50, ile yenye sungura, iliyowekwa ili kuukandamiza mkono usirukeruke, na kila palipochezwa sana sungura huyo amelima kama trekta. Jim Reeves naye hana hata mkwaruzo. Ninapomweleza mteja kwamba hii hapa ni safi kabisa, inang'aa mpaka unaweza kujinyolea, ananijibu kwamba angependa ile nyingine, ila niipunguze bei kwa sababu imechakaa.

Mwenye baa mmoja alifika akitaka majalada peke yake, ayapange ukutani, na santuri zenyewe nibaki nazo. Baada yake akaja fundi anayezipasha moto hadi zilainike na kuzikunja ziwe mabakuli ya kuwauzia watalii, naye hakuhitaji majalada. Mama watoto alishauri niwakutanishe. Nilikataa, maana marehemu hakuisafiria Nairobi ili santuri zake ziwe mabakuli ya karanga.

Maana zilitoka Nairobi, huko ndiko zilikochapishwa, hata nyingi za bendi zetu wenyewe. Hilo nalo limenigharimu. Mkusanyaji mmoja wa Uingereza, ambaye tunaandikiana, hunitaka nipige picha kila upande kwa mwanga wa ubavuni ili mikwaruzo ionekane, nisome na namba zilizochongwa karibu na lebo, kazi inayohitaji macho ambayo sinayo. Kisha akaniuliza kwa nini hakuna kitu kati ya mwaka 1977 na 1983, je, nimemficha kilicho bora? Ilinibidi nimwandikie somo zima la historia, kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka ukafungwa, na baba hakuwa mtu wa njia za panya. Akauliza, na ukungu ulioota kwenye santuri je? Nikamwandikia somo la pili. Mwaka huo huo wa 1983 ulianza msako wa wahujumu uchumi, walioshukiwa kulangua na kuficha bidhaa, na ingawa santuri zake zilikuwa halali kabisa, baba alizihamishia kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, usiku, akazifukia chini ya majani makavu ya migomba, akazisahau mpaka masika yalipokwisha. Mwingereza aliniandikia kwamba historia hiyo inavutia sana. Hakupandisha bei.

Haya yote ningeyavumilia kama si mpwa wangu, aliyenionyesha kwenye simu ule mtandao wa kuuzia santuri uitwao Discogs, ambako santuri ndogo moja ya bendi ya huku imetangazwa kwa dola ambazo ningeweza kununulia mbuzi. Nilimfafanulia kwa upole kwamba hiyo ni bei anayoiomba mwenye mali, na kwamba mimi pia naweza kuomba chochote. Kijana akaitikia, akatoka nje, akazidisha dola zile mara 1,200, akalituma jibu kwenye kundi la ukoo.

Kuanzia siku ile simu yangu haipumziki. Ndugu ambao wakati wa kugawana vitu vya marehemu waliziita takataka na kuzikimbilia ng'ombe na cherehani, leo wananikumbusha kwamba ni urithi wa wote. Shangazi aliyeko Dar es Salaam, ambaye hana hata redio, ameagiza pasiuzwe kitu mpaka Desemba, watakapopanda wote kuja kuhesabiwa. Kikao kimekwisha kupangwa. Mwingereza nimemwomba asubiri, na mpangaji wa mama watoto ameshapata chumba kwingine. Nimetakiwa niandae mbege, pombe yetu ya ndizi, ya watu 40 na nyama, na gharama zake, wamenihakikishia, nitazikata kwenye mauzo.