Kupaka laka upya tarumbeta la zamani: mbona lawama zote zinaenda kwa laka?

Siku hizi bendi ya matarumbeta ya usharika ikisema tu inataka kuchangisha ili vyombo vya zamani vipakwe upya laka, ule utando mwembamba wa kung'aa unaokinga shaba, hakosi kijana wa kuruka na kusema msiguse, mkitoa ile rangi ya kiwandani mmeua chombo. Wazee nao hawaelewi, wao wanataka ving'ae, maana Pasaka huwezi kusimama mbele ya watu na tarumbeta lenye mabaka ya kijani. Mimi naona kijana ana hoja, ila hoja yenyewe ameikopa mahali na hajauliza huko ilikuwa inahusu nini.

Imetoka kwa wanunuzi wa vyombo vya kizamani, Marekani na Ulaya huko, hasa wa saksafoni. Chukua Selmer Mark VI, Mfaransa alianza kuitoa 1954 na leo watu wanaisaka kweli kweli. Yenye laka yake ya kiwandani, hata kama imechubuka nusu, inauzwa ghali kuliko mwenzake iliyopakwa upya ikameremeta. Na sababu ipo. Zamani kule fundi akifungua chombo kizima kwa matengenezo makubwa, kukipaka upya ilikuwa kawaida tu, na kabla ya kupaka anakipitisha kwenye gurudumu la mashine la kung'arishia. Gurudumu halichagui, linakula laka na shaba pamoja, michoro iliyochongwa kwa mkono inafifia, kingo za matundu zinaliwa upande mmoja, pedi inayoziba tundu haikai sawa, hewa inavuja na noti za chini zinagoma. Hiyo siipingi hata kidogo.

Lakini sasa aliyeharibu hapo ni nani? Ni gurudumu. Laka ya zamani ukiitoa kwa dawa ya kutolea rangi, ukasuuza, ukang'arisha kwa mkono na kitambaa laini, shaba inabaki karibu vile vile. Hiyo bei inayoshuka nayo ni shida ya anayeuza, usharika hauuzi, unapiga ibada ya kwanza, ya pili, halafu mchana kuna harusi juu ya pikapu.

Na hapa ndo "usiguse" inaponichosha, kwa sababu inachukulia kwamba usipopaka basi chombo kinabaki salama. Kinabakije? Bati la tarumbeta ni jembamba mno, ule mdomo mpana wa mbele ni kama nusu milimita tu. Shaba yake ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mara nyingi 70 kwa 30, na jasho la mkono lina chumvi na asidi, ukiwa Tanga au Dar au Mombasa ongeza na upepo wa bahari. Pale kiganja kinaposhika laka ikishatoka, shaba iko uchi. Sasa kwa sababu haing'ai, mnafanyaje? Mnaipiga Brasso kila Jumamosi. Brasso ina chembe za kusugua ndani yake, inang'arisha kwa kukwangua, kidogo kidogo. Hesabu basi: Jumamosi 50 kwa mwaka, miaka 30, hizo ni mara 1,500 mtu amekaa anasugua bati la nusu milimita, tena kila mara kijana tofauti na nguvu zake. Halafu huyo huyo anaogopa kazi ya laka ya mara moja kwa miaka mingi! Angalia jina la mtengenezaji kwenye tarumbeta la bendi yoyote kongwe, mara nyingi unaambulia herufi tatu nne, zilizobaki zimesuguliwa zikaisha na hakuna fundi wa laka aliyewahi kuligusa. Brasso ikikosekana ni limau na chumvi, inang'arisha upesi kweli, ila asidi inaila zinki na kuiacha shaba nyekundu juu, ndo maana chombo kinatoka na uwaridi fulani watu wakadhani ni usafi.

Tena "rangi ya asili" yenyewe inategemea. Laka ilienea viwandani karne ya 20, kabla ya hapo chombo kilikuwa shaba tupu au kimepakwa fedha. Kwa hiyo ukiwa na la zamani kweli, asili yake ni uchi au fedha, na hapo kijana anayesema msipake ana haki kuliko mnavyodhani.

Kama laka inabadilisha sauti, hapo watu hawataacha kubishana. Renold Schilke, mpiga tarumbeta wa Chicago aliyegeuka mtengenezaji, hakuipenda laka, alisema laka iliyopakwa vizuri inafika unene wa inchi 7 kwa 1,000, karibu milimita 0.18, wakati fedha ni sehemu ndogo sana ya hapo. Upande mwingine kuna jaribio la mwanafizikia John Coltman la 1971, filimbi za fedha, shaba nyekundu na mbao, wasikilizaji na wapigaji wakashindwa kuzitofautisha. Filimbi sio tarumbeta, sawa, ila mimi Schilke namsikiliza kwa jambo moja: unene. Ndo maana kumpelekea fundi rangi wa gereji akakupulizia klia ya gari mikono mitatu ni kosa, hiyo ni ngozi nyingine kabisa, na pistoni za tarumbeta zikiingiwa na matone yake zinanata.

Hoja moja ya wapinzani naona hata wao hawaitumii ipasavyo. Laka inaficha. Bomba la kwanza, linalopokea pumzi kutoka mdomoni, linaoza kwa ndani kwa mate na unyevu, zinki inatoka, nje unaanza kuona vidoa vyekundu vidogo vidogo. Hivyo vidoa ni taarifa. Ukipaka juu tarumbeta linameta na bomba linaendelea kuoza, siku moja linatoboka katikati ya wimbo. Kwa hiyo hela ya kwanza iende ndani: maji ya uvuguvugu, brashi ndefu, na bomba jipya kama limeshafika huko. Laka ifuate.

Siwa ya shaba, ile baragumu kubwa ya sherehe za kale iliyoko makumbusho ya Lamu, ni habari nyingine, ile hata Brasso isisogezwe karibu. Lakini tarumbeta la kazi mimi ningepaka, na kabla sijatoa hela ningemuuliza fundi laka ya zamani anaitoa na nini. Akitaja msasa au mashine, nabeba chombo changu naondoka, na Jumamosi nalifuta kwa kitambaa kikavu tu mpaka apatikane mwingine.