Sabuni ya wageni

Jirani yangu hapa kwa ploti anashona nguo kwa kampuni moja ya EPZ, lile eneo la viwanda vya kuuza nje, huko Athi River. Jumatatu jioni amerudi akicheka peke yake, namuuliza kuna nini, ananiambia, "Leo choo kilikuwa na sabuni." Sabuni ya maji, ile ya kunukia, na tishu. Nikajua tu wageni walikuja. Wageni ni maodita, yaani wakaguzi, wa zile kampuni za Marekani zinazonunua hizo nguo, na kabla waingie supavaiza huwa ameshawapanga wafanyakazi: mkiulizwa, ovataimu ni ya hiari, na hapa hakuna mtu hutukanwa. Jumanne choo kikarudi vile huwa.

Sasa wewe unapiga simu wiki mbili kabla, unasema unakuja kukagua, unatarajia kupata nini? Hata mimi mama mkwe akisema anakuja, utadhani hii nyumba hufagiliwa kila siku.

Na si mambo ya choo tu. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kule Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha SA8000, kile cha kusema wafanyakazi wanatendewa vizuri, Agosti 2012. Septemba 11 kikaungua, milango imefungwa, madirisha yana vyuma, watu zaidi ya 250 wakafia ndani. Cheti chenyewe hakikuwa kimemaliza hata mwezi!

Lakini wenye wananikasirisha zaidi ni wanunuzi. Bei wanashusha wao, rangi ya oda wanabadilisha wao kitambaa kikiwa kimeshakatwa, tarehe ya meli hawasongezi hata siku moja, halafu wanatuma mtu na fomu aje aulize mbona watu wanafanya ovataimu. Si ni nyinyi! Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo na mshahara, vizuri sana, ila kontrakti ya huyu dada ni ya miezi mitatu mitatu, kwa hivyo akipata mimba inaisha kabla hata tumbo halijaonekana. Hiyo fomu inauliza hiyo?

Haya, najua mtaniambia bora kazi, eti bila AGOA, ule mpango wa kuuza nguo Marekani bila ushuru, Athi River ingebaki vumbi ya simiti. Sawa. Kodi ya nyumba jirani analipa, mtoto yuko shule.

Jana ameniambia kuna wageni wengine Alhamisi. Ameshaosha chupa ya soda ya kubebea ile sabuni, ingawa geti wanapekua, sijui ataipitisha aje.