Leica M9 au Sony A7 III: kesi ya mita tatu

Mtu akiuliza anunue kamera ipi, Leica M9 iliyotumika au Sony A7 III, hapakosi wa kumwambia M9 ni pambo la wenye hela, na wa kumwapia kwamba rangi za sensa yake ya CCD (aina ya zamani ya kipande kinachonasa mwanga) hazina mfano. Wote wawili wanazunguka mbuyu.

Sony haihitaji wakili. Ilitoka 2018 na pointi 693 za fokasi, inanasa jicho la mtu na kulifuata, inapiga hadi picha 10 kwa sekunde. Bibi harusi akiingia ukumbini, taa hafifu, wageni wamenyanyua simu, mwenye M9, isiyo na otofokasi (fokasi ya kujiendesha), bado anazungusha pete ya lenzi kwa mkono. Tena M9 ya 2009 inaishia ISO 2500 (kipimo cha wepesi wa sensa kunasa mwanga), na huko juu picha ni chengachenga tupu. Unalipwa kwa tukio lisilorudiwa? Chukua Sony, basi.

Ubishi wangu uko mtaani, mchana. Wanaoibeza M9 hudhani kila picha lazima ukae ukilinganisha taswira mbili kwenye kidirisha cha kuchungulia mpaka zikutane, ndipo fokasi ikae. Mtaani wengi hawafanyi hivyo. Lenzi ya milimita 35, tundu lake limebanwa hadi f/8, pete kwenye mita 3: kuanzia kama mita 1.9 hadi karibu mita 7, kila kitu kinatoka safi vya kutosha. Hebu zipime hizo mita kwa macho. Ndani yake anaenea muuza kahawa, mteja wake kwenye benchi na mtoto anayekatiza nyuma yao, wote kwa pamoja. Fokasi ilishamalizika kabla hujainua kamera. Otofokasi ikikuta sura tano itachagua moja, na si lazima iwe uliyoitaka wewe.

Utaniambia: zima otofokasi, ufanye hivyo hivyo na Sony. Tatizo ni kwamba lenzi nyingi za FE, yaani za kamera hizi za Sony, hazina namba za mita. Pete inapeleka ishara ya umeme tu na inazunguka bila kikomo. Ukifunga lenzi ya Leica kwa adapta namba unazipata, ila kwa nyingi zilizo pana picha huharibika pembeni, kwa sababu vioo vilivyo mbele ya sensa ya Sony ni vinene kuliko vya Leica. Halafu kuna kidirisha. Cha Sony kinaishia ukingoni mwa picha. Cha M9 kina mistari ya fremu na nafasi nje yake, kwa hiyo baiskeli unaiona inakuja.

Habari ya rangi sitaitetea. Faili ghafi zikihaririwa vizuri, sehemu kubwa ya uchawi huo hupotea.

Kinachonitia hofu ni sensa yenyewe ya M9. Kioo kinachoifunika huliwa na unyevu na kuacha madoa, na sisi wa pwani unyevu tunaujua. Leica ilibadilisha nyingi, lakini za akiba zimekwisha. Kabla ya kutoa hela, bana lenzi hadi f/16, piga anga tupu, ikuze picha, utafute vidoa vyenye duara kuvizunguka. Dai karatasi ya kuonyesha sensa ilibadilishwa kwa ile ya toleo jipya. Ikiwepo, na kazi yako ni mtaa, ningechukua M9. Isipokuwepo, hata bei iwe ya kutupa, nenda na Sony.