Usimbane mtoto pua

Nimekulia kwenye nyumba ambayo mtoto mgumu wa kula alilazwa mapajani, akabanwa pua, uji ukamiminwa. Akifungua mdomo avute pumzi, kijiko kinaingia. Nilimwona binti wa dada yangu akilishwa hivyo: uji unatiririka shingoni mpaka kwenye kanga, macho yamemtoka, anarusha miguu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tuliogopa kadi ya kliniki, mstari usije ukashuka. Lakini uji ukimpalia mtoto unaweza kuingia kwenye mapafu. Na yule binti alifika mahali akawa analia akikiona kikombe tu.

Mwanangu alipofika mwaka na nusu akagoma kula, nami nilikaribia kumfanyia hivyo hivyo. Mama mkwe ndiye aliyenizuia. Aliniuliza, "Tangu asubuhi huyu kala nini?" Nikahesabu: chai ya maziwa na mkate, biskuti saa nne, juisi ya boksi, kipande cha chapati kwa jirani, maziwa saa tisa, biskuti tena saa kumi na moja.

"Sasa njaa ataitoa wapi, mwanangu?"

Laiti ningejua pia kwamba mtoto akitimiza mwaka huwa na uzito kama mara tatu ya ule aliozaliwa nao, ila mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 3 hivi. Ukuaji umepunguza kasi, na hamu ya kula inapungua nao. Mama anayelinganisha na mwaka uliopita lazima aingiwe na hofu. (Mtoto akipungua uzito, au akiwa na homa au kuharisha, hilo ni la kupeleka hospitali.)

Tukafuta biskuti na juisi. Chai tukaiweka mbali na mlo, maana inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Katikati ya milo, ndizi au parachichi, basi. Siku za mwanzo alilia, na mimi nikalia chumbani.

Mchicha ulichukua muda zaidi. Wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu, wakati mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kigeni mara kumi au zaidi ndipo akizoee. Nilimwekea kidogo tu, bila kusema neno. Akausukuma, wiki baada ya wiki. Siku moja nikamkalisha mkekani tuchambue pamoja. Majani aliyachanachana, vijiti akavipanga mstari. Jioni, kwenye sinia, akamtazama babu yake akimega tonge na kulichovya kwenye mchicha wa nazi. Akamega la kwake. Akala matonge mawili. Nilitaka kupiga makofi, mama mkwe akanikonyeza ninyamaze.

Ndiyo maana siafiki hata ule mtindo wa kumwekea mtoto katuni kwenye simu huku unamsindilia vijiko. Anameza bila kujua anakula nini wala kama ameshiba. Kazi yangu ni kupika na kutenga chakula kwa wakati, tukae wote, baba yake akiwemo. Kiasi anakijua mwenye tumbo.

Sasa ana miaka minne. Bamia bado anazikataa. Naendelea kumwekea vipande viwili upande wake wa sinia.